Kuondoa Shaba Sugu Ndani ya Mtutu wa Bunduki

Bunduki iliyokuwa ikikusanya matundu yake mahali pamoja kwenye shabaha ikianza kuyatawanya, ilhali darubini imekazwa barabara na risasi ni zile zile za siku zote, pa kwanza pa kukagua ni ndani ya mtutu. Mara nyingi utakuta shaba. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo mmiliki wa bunduki anayeishi Nairobi hupiga sehemu kubwa ya risasi zake katika uwanja wa shabaha, nyingi kwa mfululizo huku mtutu ukizidi kupata moto, na hali hiyo hujaza shaba upesi kuliko risasi moja au mbili za mwindaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiondoa shaba hiyo bila kuudhuru mtutu, na msisitizo wake ni mmoja: dawa ndiyo ifanye kazi, wala si nguvu za mkono. Mitutu mingi niliyoiona imechakaa kabla ya wakati wake ilichakazwa na ufito wa kusafishia, na risasi haikuhusika.

Shaba inavyonasa

Kichwa cha risasi ya kisasa huwa na kiini laini kilichovikwa koti jembamba la aloi, ambayo kwa kawaida ni asilimia 95 shaba nyekundu na asilimia 5 zinki. Koti hilo ni pana kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya matuta ya mtutu (miinuko inayojizungusha ndani yake, yenye mifereji katikati), na ni sharti liwe hivyo, kwa sababu matuta yasipoliuma risasi haitazunguka, na isipozunguka haitakwenda sawa. Katika bunduki ya .308, kwa mfano, nafasi kati ya tuta na tuta ni milimita 7.62, nafasi kati ya mfereji na mfereji ni milimita 7.82, na risasi yenyewe ina upana wa milimita 7.82. Koti hilo likisukumwa katika njia hiyo nyembamba hadi kufikia mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, msuguano na joto huacha utando wa shaba juu ya chuma. Mtutu uliosuguliwa vizuri kiwandani hushika shaba kidogo. Wenye mikwaruzo ya mashine au vishimo vya kutu hushika nyingi, na risasi zilizotengenezwa kwa shaba tupu huacha zaidi kuliko zile zenye koti.

Kinachoifanya shaba iwe sugu ni masizi ya baruti. Kila risasi huacha shaba kidogo na masizi kidogo, inayofuata huyakandamiza na kuweka yake juu, na baada ya miezi kadhaa ya kupuuzwa mtutu huwa na tabaka juu ya tabaka, kama rangi ya ukuta wa nyumba ya kupanga ambayo kila mpangaji mpya hupakiwa nyingine juu ya ile ya zamani. Dawa ya shaba haiyeyushi masizi, na dawa ya masizi haigusi shaba. Mtu asiyelijua hilo humwaga amonia wiki nzima juu ya tabaka la masizi, kisha akalaumu dawa.

Tatizo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 koti za risasi za kijeshi zilitengenezwa kwa aloi ya shaba na nikeli, nazo ziliacha mabonge ndani ya mtutu, hasa kuelekea mdomoni, ambayo yaliondolewa kwa mchanganyiko mkali wa amonia. Mchanganyiko huo ulipoachwa ukauke ndani, uliula mtutu wenyewe. Dawa za leo ni za upole zaidi, lakini kanuni ya kutoacha amonia ikauke ndani ya chuma bado ni ile ile.

Kabla ya kushika dawa

Toa magazini, fungua bolti (komeo linalofunga mtutu kwa nyuma), tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho yako, kisha ingiza kidole uthibitishe kwamba ni tupu. Risasi zote zikae chumba kingine. Baada ya hapo chomoa bolti kabisa na uiweke kando. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye cheti aihifadhi silaha yake kwa usalama wakati wote, na kazi hii ina vipindi virefu vya kungoja. Kwa hiyo bunduki haiachwi mezani dawa ikifanya kazi huku mwenyewe ameteremka dukani kununua maziwa. Ikiwa nyumbani kuna watoto au wageni, chagua saa ambazo chumba kitakuwa chako peke yako, na ufunge mlango.

Amonia huwasha macho na koo, na vyumba vingi vya ghorofa jijini ni vidogo. Fungua dirisha, au fanyia kazi kwenye roshani iliyozingirwa isiyoonekana na majirani. Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga. Jiki isikaribie meza hiyo kamwe, wala usioshe vifaa hivyo katika karai lenye mabaki yake, kwa kuwa jiki ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu inayoweza kumwangusha mtu katika chumba kilichofungwa.

Laza bunduki kwenye stendi au juu ya mito miwili thabiti, mdomo ukiwa chini kidogo kuliko kitako. Mwinamo huo una maana kubwa: dawa inayorudi nyuma huingia kwenye mtambo wa kifyatulio na kupenya hadi kwenye mbao, ambako huondoa vanishi na kulainisha mahali mtambo unapokalia. Tandika magazeti chini ya mdomo kupokea matone. Sehemu zozote zilizopakwa nikeli zifunikwe, kwa sababu chini ya nikeli mara nyingi huwa kuna shaba, na amonia ikiifikia hubandua ule mng'aro.

Vifaa

Ufito uwe wa kipande kimoja, wa chuma kisichopata kutu au uliovikwa plastiki, wenye mpini unaozunguka wenyewe ili kitambaa kifuate mzunguko wa mifereji. Fito za kuunganisha vipande zina vishikizo vinavyokwaruza na hupinda katikati; zifae safarini tu. Pamoja na ufito tafuta mrija elekezi, ule unaoingizwa mahali pa bolti ili ufito uende katikati na dawa isimwagike kwenye mtambo. Wengi huuona kuwa anasa. Ukiniuliza kifaa kimoja ambacho pesa zake hazipotei, nitakutajia huo.

Brashi ziwe mbili: ya shaba ya njano kwa ajili ya masizi, na ya nailoni kwa ajili ya shaba. Kile kipande cha mbele ya ufito kinachoshika kitambaa kiwe cha plastiki, cha alumini au cha chuma. Vitambaa si lazima vinunuliwe vikiwa tayari. Kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa kikatolewa wanga, au fulana kuukuu ya pamba tupu, hukatwa katika miraba ya sentimita 5 hivi kwa mtutu wa milimita 7.62. Kitambaa kinachofaa hupita kwa kusukumwa kwa kiganja, kikisugua pande zote. Kikihitaji kugongwa, kipunguze. Ongeza tochi ndogo, chupa ya dawa ya kawaida ya masizi, chupa ya dawa ya shaba, mafuta mepesi ya bunduki na spiriti.

Dawa hizi huuzwa na wauzaji wa silaha wenye leseni. Usizifungashe katika begi la ndege unaporudi kutoka ng'ambo, kwa kuwa nyingi hushika moto. Chupa ya amonia iliyofunguliwa mara nyingi hupoteza nguvu; ikiwa haikupigi puani tena unapoifungua, haitakufaa mtutuni. Mimina kiasi kidogo kwenye kifuniko na uchovye hapo, wala usitumbukize brashi chafu ndani ya chupa.

Hatua ya kwanza: masizi yatoke

Ingiza mrija elekezi. Sukuma kitambaa kilicholowa dawa ya masizi kutoka upande wa chemba hadi kitokee mdomoni, kiondoe, kisha urudishe ufito mtupu. Wakati wote ufito uingie kutoka nyuma, kwa sababu ule ukingo wa mdomo ndio sehemu ya mwisho inayoigusa risasi, na mkwaruzo mdogo hapo huipeleka upande. Bunduki ambazo haziruhusu kusafishwa kutoka nyuma zihitaji kifuniko cha kulinda mdomo, na mkono mtulivu.

Tuma vitambaa viwili au vitatu vilivyolowa, ngoja dakika kumi, kisha pitisha brashi ya shaba ya njano iliyolowa mara kumi hivi, kwenda na kurudi kwa urefu wote. Usiigeuze brashi ikiwa katikati ya mtutu, maana nyuzi zake zitanasa na kupindika. Brashi ikitokeza mdomoni, irudishe polepole huku ufito umeshikwa katikati ya tundu, usije ukagonga ukingo. Fuatisha vitambaa vilivyolowa hadi weusi upungue kuwa kijivu hafifu, kisha vikavu viwili.

Ikiwa umepiga risasi kuukuu za kijeshi, za .303 kwa mfano, tanguliza maji ya moto au vitambaa vilivyolowa maji kabla ya dawa yoyote. Fataki (viwashio vya baruti vilivyo kitakoni mwa ganda) za risasi nyingi za zamani huacha chumvi ambayo dawa za kawaida haziiyeyushi vyema, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu kwa usiku mmoja. Kausha mara moja kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili: shaba

Angaza tochi mdomoni kwa pembe, usiangaze moja kwa moja. Chuma kitaonekana cha kijivu. Shaba itaonekana kama michirizi ya rangi ya chungwa juu ya matuta, mara nyingine mipana kiasi cha kufunika tuta zima kwa sentimita kadhaa za mwisho. Hicho ndicho unachokitafuta, nacho ni rahisi kukiona kabla ya kazi kuliko baadaye, kwa hiyo tazama sana ukijue. Kamera ndogo za mtutu zinazounganishwa na simu sasa zinapatikana kwa bei inayovumilika, na ndizo pekee zinazoonyesha katikati na koo la mtutu, pale matuta yanapoanzia mbele ya chemba. Asiye nayo asikate tamaa. Kitambaa kitamweleza mengi.

Lowesha brashi ya nailoni kwa dawa ya amonia, ipitishe mara kadhaa hadi povu lijae ndani, kisha ngoja. Soma kibandiko cha chupa, kwa kuwa kila dawa ina kikomo chake, na nyingi za amonia kali hazipaswi kuzidi dakika 15. Kwa desturi mimi huziacha baina ya dakika tano na kumi, kisha naongeza mizunguko badala ya kuongeza muda. Asubuhi ya Julai, joto la Nairobi linaposhuka hadi karibu nyuzi 10, dawa hufanya kazi polepole. Subiri jua lipande, au leta bunduki katika chumba chenye vuguvugu, lakini usiuweke mtutu karibu na jiko, kwani mvuke wa dawa hushika moto.

Baada ya muda huo sukuma kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya buluu au kijani-buluu, amonia imekamata shaba. Rudia: lowesha, ngoja, kausha, tazama. Mizunguko ya kwanza itatoa buluu iliyokolea, kisha itafifia. Kama ilivyoelezwa kuhusu tabaka, kuna wakati buluu itakoma ghafla huku tochi bado inaonyesha rangi ya chungwa, au kitambaa kitatoka cheusi tena baada ya kuwa safi. Hiyo ni ishara kwamba umefika kwenye masizi yaliyokuwa chini ya shaba. Kausha amonia yote, rudi hatua ya kwanza, kisha urejee hapa. Mtutu uliopuuzwa kwa muda mrefu unaweza kudai mizunguko hiyo kwa jioni kadhaa, na hakuna hasara katika kungoja ilimradi kila jioni uukaushe na kuupaka mafuta kabla ya kuufungia sefuni.

Usichanganye dawa mbili za shaba ndani ya mtutu mmoja kwa wakati mmoja. Maliza moja, futa, kausha kwa spiriti, ndipo ujaribu nyingine.

Buluu ya uongo

Watu wengi wasafishao kwa bidii hawamalizi kamwe, na sababu ni hii: brashi ya shaba ya njano, na kile kipande cha njano kinachoshika kitambaa, vyote vina shaba ndani yake, hivyo dawa huvila na kukuletea kitambaa cha buluu hata kama mtutu umeshatakata. Mwenye bunduki huona buluu, huongeza dawa, husugua zaidi, huona buluu tena, na saa zinakwisha huku anachokula ni chuma na vifaa vyake mwenyewe. Ndiyo maana nilisisitiza nailoni na plastiki.

Kama huna budi kutumia kipande cha njano, fanya jaribio. Dondosha tone la dawa juu yake, lifunike kwa kitambaa cheupe kwa dakika tano, uone rangi inayojitokeza na ukolevu wake. Kisha linganisha na kitambaa kinachotoka mtutuni. Buluu ya mtutu huja kwa michirizi inayofuata matuta, na doa lake huwa pande za kitambaa. Ile ya kipande cha ufito hukaa katikati ya kitambaa, mahali ncha ilipochoma. Anayejua kutofautisha madoa hayo mawili huokoa nusu ya chupa.

Shaba isiyotaka kutoka

Ikibaki michirizi michache baada ya mizunguko mingi, lililo salama zaidi ni povu lisilo na amonia. Hupulizwa chembani, hujaza mtutu mzima, na huachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha kadiri kibandiko kinavyoruhusu, kisha husukumwa nje likiwa limegeuka buluu. Hutumia muda mwingi na nguvu kidogo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo biashara nzuri kwa mtutu.

Dawa ya mgando yenye chembe za kusugulia ije mwisho kabisa. Ipake kidogo juu ya kitambaa kilichokaza, sugua kwa hatua fupi mahali penye shaba tu, usitokeze kitambaa nje ya mdomo, na usizidi dakika chache kabla ya kufuta na kutazama. Kisha iondoe yote kwa vitambaa vilivyolowa, pamoja na chembani, kwa sababu chembe zilizobaki zitasagwa na risasi ya kwanza.

Msasa uliozungushwa kwenye drili, waya wa chuma wa kusugulia sufuria, asidi ya betri, soda na siki visiingie mtutuni. Siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi husifiwa na wengine. Mchanganyiko huo hula chuma, na ukikutana na mabaki ya madini ya risasi huzaa chumvi zenye sumu kali. Mtutu mzuri ni ghali, na kupata kibali cha kubadilisha sehemu kuu ya silaha si jambo la siku moja.

Hakuna haja pia ya kuondoa kila chembe. Shaba kidogo iliyojaza vijikwaruzo haidhuru, na bunduki nyingi hupiga vyema zaidi zikiwa nayo. Buluu ikibaki hafifu mno na tochi isionyeshe michirizi, simama hapo.

Kufunga kazi

Pitisha vitambaa vikavu hadi harufu ya amonia iishe, kisha kimoja chenye spiriti, kisha kikavu, kisha kimoja chenye mafuta mepesi. Futa chemba na mahali pa bolti kwa uangalifu, kwa kuwa chemba yenye mafuta huzuia ganda la risasi lisizishike kuta zake na mgandamizo wote huirudia bolti. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na kijani, kuna shaba iliyokuwa imejificha, na mzunguko mmoja zaidi unatosha.

Vitambaa vilivyotumika vifungwe katika mkebe wenye kifuniko, mbali na moto, na mabaki ya dawa yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni. Shaba iliyoyeyuka huua samaki hata ikiwa kidogo, na mitaro yetu huishia mitoni. Katika msimu wa masika, Machi hadi Mei, weka pakiti za silika jeli ndani ya sefu na ukague mtutu mara kwa mara, kwani unyevu hupenda kujibanza chini ya shaba iliyobaki.

Siku ya kurudi uwanjani, pitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta kabla ya kupiga. Risasi mbili tatu za mwanzo katika mtutu safi zitakwenda pembeni kidogo, kwa hiyo usiguse darubini hadi baada yake. Kisha piga kumi kwa utaratibu. Zikikusanyika, andika katika daftari idadi ya risasi ulizopiga tangu usafishaji huu, ili ujue mtutu wako hubeba ngapi kabla ya kuanza kutawanya. Zisipokusanyika, shaba haikuwa chanzo: kagua skrubu za kitako, vishikizo vya darubini na ukingo wa mdomo, na kama huoni kasoro, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, ukiwa na cheti chako mkononi na bunduki ikiwa tupu.